Mageti Mawili ya Orest Bodnaruk

Mwezi Oktoba, kabla ardhi haijaganda, Orest Bodnaruk aliling'oa geti la pili la ua wake, akaziba pengo kwa waya, na mbele ya waya akapanda miche ya lilaki, vile vichaka vya maua ya zambarau. Sisi majirani tulisimama madirishani na vikombe vya kahawa mkononi, tukimtazama. Katika mji mdogo kama Borovia, ambako habari kubwa ya wiki huwa ni nani kawahi kufunga matairi ya majira ya baridi, hilo lilikuwa jambo zito. Ua wa Orest ulikuwa na mageti mawili tangu binti yake alipoanza shule: moja la kuingilia, upande wa barabara, na jingine la kutokea, upande wa uchochoro. Kila aliyeuliza sababu aliambiwa ni theluji.

"Ikiziba huku, natokea kule," alikuwa akisema.

Nasi tulikuwa tukiitikia kwa kichwa. Watu wa nyanda hizi tuna adabu hiyo: mtu akikupa uongo ulionyooka, huupindi mbele yake. Unaupeleka kwenye uwanja wa hoki, unaupinda huko pamoja na wenzako, wakati watoto wanafunga viatu vya barafu. Ukweli ni kwamba Orest, aliyeendesha basi la shule hadi alipostaafu na hakuwahi kulikwaruza hata siku moja, hakujua kurudi nyuma akiwa anakokota tela.

Kwa asiyewahi kujaribu, hilo ni jambo la kuchekesha. Basi ni mwili mmoja. Ukilielekeza kushoto, litakwenda kushoto hadi mwisho wake. Tela ni mkia wenye akili yake. Ukikata usukani kulia ukiwa unarudi nyuma, lenyewe linakwenda kushoto. Ukishtuka na kusahihisha, linakunjana na gari kama kisu cha mfukoni. Na tela la Orest halikuwa la kubeba magogo. Lilikuwa nyumba nzima ya kulala, yenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ambayo mkewe Zenia aliyashona mwenyewe.

Zenia ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Alikulia shambani, mkubwa kati ya mabinti wanne, kwa baba ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Nayasema haya sasa kwa sababu sisi wote tuliyajua na hakuna aliyeyatia maanani.

Kisa kilianzia kwenye ziwa moja huko kusini, kiangazi cha kwanza walichokuwa na tela. Anayezijua kambi zetu za mapumziko anajua ibada ya jioni. Wageni waliotangulia hutoa viti vya kukunja, hufungua makopo ya bia, na badala ya kuangalia ziwa hukaa wakiiangalia barabara, wakisubiri mtu mpya aje aingize tela lake kinyumenyume kwenye nafasi yake. Mke anasimama nyuma akipunga mikono. Mume anapiga kelele dirishani. Ndoa nyingi zaidi zimepimwa hapo kuliko mahakamani. Jioni hiyo Orest alihangaika hadi supu za watu zikapoa. Aliangusha meza ya mbao, akalaza jiko la jirani la kuchomea nyama, akaurudia mti mmoja tena na tena kana kwamba ulikuwa umemtukana mama yake. Mwishowe mwanamume mmoja mwenye kaptura alisimama, akasema, "Hebu nikusaidie, kaka," akaingia kwenye pikapu ya Orest, na kwa mkono mmoja, bia ikiwa mkono wa pili, akalisukuma tela mahali pake kama mtu anayerudisha droo kabatini.

Watu walipiga makofi. Orest alisimama pembeni na watoto.

Msimu uliofuata alikata vichaka vya lilaki vya mkewe na kutoboa geti la pili. Tangu siku hiyo hakurudi nyuma tena.

Binti yao Daria aliolewa mbali, huko Whitehorse, na kila baada ya miaka miwili mitatu wazee hawa walipanda kaskazini kumwona. Ni safari ndefu: nyanda kwanza, kisha misitu isiyo na mwisho, kisha milima, na kati ya kituo na kituo hakuna kitu ila miti na dubu mmoja anayekula maua ya manjano kando ya barabara bila kuinua kichwa. Mtu mwingine anapoipanga safari kama hiyo huuliza wapi kuna mandhari nzuri, wapi kuna maji ya moto ya kuoga. Orest alipanga kwa swali moja tu. Kuanzia Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, alikuwa akikaa jikoni na simu sikioni, akiwapigia wenye vituo vya mafuta wa njia nzima.

"Halo, habari yako, dada. Nina tela. Nikiingia kwako, natokea wapi?"

"Unataka kujua kama kuna nafasi?"

"Hapana. Nataka kujua natokea wapi."

"Unatokea... ulikoingilia?"

"Asante sana. Siku njema."

Hivyo ndivyo akina Bodnaruk walivyovuka moja ya nchi nzuri kuliko zote chini ya jua huku wakilala kwenye kokoto za vituo vya mafuta, katikati ya malori yanayonguruma, au kwenye maegesho ya maduka makubwa, dirisha likitazamana na rundo la toroli. Mahali popote penye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea palikuwa pazuri. Maziwa, kwa bahati mbaya, hayana mlango wa kutokea.

Na Zenia alilitaka ziwa. Si maziwa yote, moja tu: Muncho, lile ambalo barabara inalikumbatia kule milimani, maji yake ya kijani kama chupa, mlima upande huu na mlima upande ule. Safari yao ya kwanza alilitazama dirishani tangu lilipoanza hadi lilipokwisha, akasema, "Tulale hapa." Orest akasema, "Tukirudi." Wakirudi mvua ilinyesha. Safari ya pili walikuwa wamechelewa. Safari ya tatu alisema tena "tukirudi", na Zenia aligeuza shingo polepole, kama alizeti, hadi maji yalipotoweka nyuma ya mwamba. Mtu anaweza kuishi na uzuri unaompita dirishani. Watu wengi huishi hivyo. Lakini uzuri huo, kila unapokupita, unachukua kitu chako kidogo na kwenda nacho.

Baridi iliyopita hesabu ilibadilika. Orest alikuwa anakaribia sabini na tano, umri ambao kwetu daktari lazima akupime kabla hujaruhusiwa kuendelea kuendesha, na jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kufanya ukungu. Hakuna aliyelisema, lakini wote wawili walijua: hii huenda ikawa safari ya mwisho ya tela.

Orest alipanga kama kawaida. Alitandaza ramani kwenye nusu ya meza ya jikoni, na kila mahali pa kulala akapawekea kifungo kutoka kwenye kopo la vifungo la Zenia. Vifungo vyeupe, vya mashati yaliyokwisha kufa. Kwenye nusu iliyobaki ya meza walikuwa wanakula.

Asubuhi moja akakuta kifungo kikubwa chekundu, cha koti, kimekaa katikati ya Muncho.

"Nani kaweka kifungo hapa?"

"Kipi?" Zenia alikuwa akikanda unga wa pirohi, vile viandazi vyetu vya kuchemsha vyenye viazi ndani.

"Hiki chekundu."

"Labda paka."

"Hatuna paka, mama."

"Basi huyo kaja kwa ajili ya kifungo."

Orest akakirudisha kwenye kopo. Kesho yake kikawa kimerudi ziwani. Akakihamishia Fort Nelson, penye kituo kizuri cha mafuta, kikarudi. Akakificha ndani ya chombo cha sukari. Jioni Zenia alikunywa chai, na asubuhi kifungo kilikuwa Muncho, kikiwa na chembe za sukari mgongoni. Vita hivi vilidumu hadi barafu ilipoyeyuka, na hakuna hata siku moja mmoja wao aliyelitaja ziwa kwa jina. Tuliokwenda kunywa kahawa kwao tulikuwa tukichungulia ramani kwanza kujua nani anaongoza.

Siku ya kuondoka ilipofika Orest alirudisha vifungo vyote kwenye kopo, na chekundu hakikuwepo. Alitafuta chini ya meza. Alipata amani kidogo: adui kapotea. Wakatokea geti la pili, upande wa uchochoro, honi ikilia, sisi tukipunga mikono.

Siku ya pili ya safari, akijitazama kwenye kioo cha choo cha kituo fulani, Orest alikiona. Kilikuwa kifuani kwake. Kimeshonwa kwenye shati lake la safari kwa uzi mnene, katikati ya vifungo vidogo vyeupe, kama nyanya kwenye sahani ya mayai.

"Hiki kimefikaje hapa?"

"Kilichokuwepo kilidondoka."

"Hakikudondoka! Kilikuwa imara!"

"Basi sasa kiko imara zaidi," Zenia akasema, akaendelea kumenya yai la kuchemsha.

Wangeweza kufika hivyo hadi Whitehorse, kila mmoja na ukaidi wake, kama si mnyororo wa chuma. Orest alikuwa amechagua kituo kimoja kabla tu ya kuingia kwenye milima ya Muncho. Alimpigia mwenye kituo mwezi Machi, akauliza swali lake, akajibiwa kwamba unaingilia huku na unatokea kule, na alikata simu akiwa na furaha ya mtu aliyepata kiwanja. Walifika jua likiwa bado juu, maana mwezi Juni kule jua halina haraka ya kwenda popote. Mnyororo ulikuwa umefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kibao kimening'inia katikati: TUMESTAAFU. ASANTENI KWA MIAKA YOTE. KAHAWA HAIKUWA NZURI, TUNAJUA.

Orest alikisoma mara mbili.

"Kastaafu! Kanidanganya! Mwezi Machi alikuwa mzima!"

"Kustaafu si kufa, mzee."

"Mtu hastaafu bila kuwaambia watu!"

"Kakuambia. Kaandika kabisa."

Kituo kilichofuata chenye milango miwili kilikuwa mbali, ng'ambo ya ziwa na mbele ya hapo, kwenye sehemu ambako nyati hupenda kulala barabarani jioni kama magunia yaliyodondoka kwenye lori. Orest alikuwa amemwapia Daria kwamba hataendesha jioni, kwa sababu ya jicho. Walijaribu kando ya barabara, mahali pana penye mwonekano wa mto.

"Tutalala hapa. Tazama, nafasi tele. Unaingilia huku..."

"Soma kibao."

Kibao kilisema marufuku kulala.

Basi wakaendelea polepole, na barabara ikapinda, na ziwa Muncho likafunguka upande wa kushoto, kijani kile kile. Zenia hakusema tulale hapa. Aliangalia mbele. Orest alilisikia hilo, kusema kwake kwa kutosema, na kuanzia hapo, anasimulia mwenyewe, kile kifungo kilimkaa kifuani kizito kama mkono wa mtu. Walipoifikia kambi ndogo ya kando ya maji, aliwasha taa ya kukata kona.

Wakati mwingine namfikiria pale, kwenye taa ile inayowakawaka kabla hajakata kona. Mtu hupanga maisha yake yote yasipite mahali fulani, na mwisho wake ni yeye mwenyewe anayewasha taa.

Nafasi zote za kambi zilikuwa za kuingia kinyumenyume, na iliyobaki ilikuwa moja, ya kando ya maji kabisa, kati ya msonobari mnene na tela la mtu aitwaye Garnet, mkulima wa Saskatchewan mwenye kaptura, kopo la bia na mbwa mwenye miguu mifupi. Viti vilikuwa vimekwisha pangwa. Ziwa lote lile la kijani lilikuwa nyuma ya migongo yao, na nyuso zote zikiwa zimeikodolea barabara. Kwa maelezo ya Orest waliotazama walikuwa umati. Kwa maelezo ya Zenia walikuwa wanne na mbwa.

Zenia alishuka akaenda kusimama nyuma, kama inavyotakiwa. Orest akaweka gia ya kurudi nyuma. Tela likaelekea kwenye msonobari.

"Upande huu!" Zenia alipaza sauti.

"Upande upi?"

"Huu nilipo!"

"Uko wapi? Sikuoni!"

"Niko hapa!"

"Hapa wapi, mama, dunia nzima ni hapa!"

"Kushoto, mzee!" Garnet akadakia kutoka kitini. "Hapana, kushoto kwingine!"

Orest akaenda mbele, akarudi, akaenda mbele. Tela lilijikunja upande wa mti, kisha upande wa mbwa, na mbwa akahama na hadhi yake. Mke wa Garnet alisema kwa sauti ya kunong'ona iliyofika hadi ng'ambo ya ziwa, "Masikini, kifungo chake kinapendeza." Safari moja pikapu na tela vilisimama vikitazamana karibu uso kwa uso, kama watu wawili waliosahau walichokuwa wakigombania.

Hapo Garnet akaweka kopo chini na kusimama.

"Mzee, kama hutajali," alisema, kwa roho nzuri kabisa, "nipishe tu. Nitaliingiza sasa hivi."

Zenia, akiwa amesimama kwenye majani marefu na mbu wakimnywa shingoni, alikiona kioo cha pembeni cha pikapu, na ndani ya kioo akauona uso wa mumewe. Ulikuwa uso uleule wa ziwa la kusini. Masikio mekundu, na macho ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia Garnet. "Bia yako inapata moto."

Akatembea hadi mlango wa abiria, akapanda kwa shida kwa sababu ya goti lake, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Watu wa vitini waliona midomo tu ikichezacheza.

"Tuondoke," Orest alisema. "Nitaendesha. Nyati watanipisha."

"Tutaondoka ukitaka."

"Nataka."

"Sawa. Niambie hivyo huku unaliangalia."

Alikuwa anaonyesha kwa kidevu. Kutoka pale walipokwama, kioo chote cha mbele kilikuwa kimejaa maji. Jua lilikuwa limeegemea mlima, na juu ya kijani kulikuwa na njia moja ya dhahabu inayofika hadi mchangani, mbele ya magurudumu yao. Orest aliangalia. Hakuweza kulisema.

"Siwezi, Zenia," akasema badala yake, na hilo lilikuwa jingine. "Sijui. Sijawahi kujua. Lile geti halikuwa la theluji."

"Najua si la theluji. Ulikata lilaki zangu. Shika usukani chini."

"Nini?"

"Mkono mmoja, chini kabisa, karibu na magoti yako. Hapo. Sasa usifikirie kulia wala kushoto. Unakotaka matako ya tela yaende, peleka mkono huko."

"Huko huko?"

"Huko huko. Wala usimwangalie mke wa huyo mwenye bia. Angalia tairi la nyuma kwenye kioo. Polepole, kama unamkata mtoto kucha."

Orest akapeleka mkono. Tela likafuata. Akasimama kwa mshtuko.

"Limefuata!"

"Ndiyo, limefuata, usilishangilie, litarudi lilikotoka. Kidogo tena. Sasa rudisha mkono katikati. Acha lijipeleke. Mbele kidogo linyooke. Usikasirike, hata wanaojua huenda mbele. Haya, rudi."

Mti ukapita upande mmoja, ukabaki mti. Tela la Garnet likapita upande wa pili, likabaki na rangi yake. Kokoto zililalamika chini ya matairi, kisha zikanyamaza. Walikuwa ndani. Walikuwa wamepinda kidogo, kama picha iliyotundikwa na mtu mwenye haraka, lakini ndani. Watu wa vitini wakapiga makofi, mbwa akabweka, na safari hii Orest ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani.

Hakuuachia. Alikaa ameushika palepale chini.

"Umejuaje?"

"Baba hakuwa na mtoto wa kiume," Zenia alisema. "Nani unafikiri alikuwa akirudisha matela ya ngano ghalani wakati wa mavuno? Na yale yalikuwa na magurudumu ya mbele yanayogeuka. Hili lako ni mkokoteni wa mdoli."

"Tangu lini?"

"Kabla hujanijua."

Orest aligeuka akamtazama mkewe kama mtu anayeiona nyumba yake kutoka upande wa uchochoro kwa mara ya kwanza.

"Miaka yote hii! Umenilaza kwenye vituo vya mafuta!"

"Mimi nimekulaza?"

"Malori yananguruma hadi alfajiri! Na ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

Zenia alikuwa akifuta kioo cha dirisha kwa ukingo wa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Siku ile kusini," alisema, "yule mtu alipotoka kwenye gari lako na bia yake, nilikuona ulivyosimama na watoto. Nikasema, kama kulala kwenye kokoto ndiyo bei ya kutokuona uso ule tena, nitalala kwenye kokoto." Kisha, kwa sababu yeye ni Zenia na haachi jambo likae limelowa, akaongeza: "Tena vingine vilikuwa vizuri. Kile cha Fort Nelson kilikuwa na supu."

Orest alicheka. Alianza kwa pua, kisha mabega, kisha kichwa kikaegemea usukani na honi ikalia ndefu, na kambi nzima ikajua kwamba wazee wale wana kichaa.

Jioni hiyo Zenia aliweka kiti chake cha kukunja mchangani, akakigeuza mgongo kwa barabara na uso kwa maji, peke yake katika kambi yote. Orest alichemsha pirohi, akazikaanga na vitunguu, akampelekea sahani, akakaa karibu naye juu ya jiwe. Mara moja tu alifungua mdomo, kusema kwamba ziwa ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Zenia akasema ndiyo, kwenye ramani kifungo kilikuwa kinalifunika lote.

Hawakulifungua tela kutoka kwenye pikapu. Orest aliogopa kwamba akilifungua, alichojifunza kitatoka nalo.

Asubuhi Zenia aliamshwa na kikombe kilichokuwa kikiteleza juu ya meza. Alidhani ni tetemeko. Kisha akaona msonobari unapita dirishani. Tela lilikuwa linatembea na yeye kitandani, amevaa nguo ya kulalia, mkono mmoja umeshika pazia. Alitaka kupiga kelele, lakini tela likasimama, likapumua, na likaanza kurudi nyuma, polepole, kama mtoto anayekatwa kucha.

Nje alimsikia Garnet, sauti ikiwa bado na usingizi: "Mzee! Ulikuwa umeshaingia!"

"Najua!" Orest akajibu kutoka dirishani kwake. "Narudia!"

Simu ya Zenia ikaita juu ya rafu. Alikuwa Daria, akitaka kujua wamefika wapi.

"Tuko Muncho. Tutachelewa, mwanangu. Usitusubiri leo, wala kesho."

"Kuna tatizo, mama? Gari limeharibika?"

"Hapana," Zenia alisema, akijishikilia ukingo wa kitanda. "Baba yako anacheza."

Akaegemea mto na kutazama. Dirishani mti ulipita, kisha tela la Garnet, kisha mbwa, na ziwa likaingia kutoka upande wa kushoto, kijani, likajaza kioo chote, likapita, likatoweka. Zenia hakugeuza shingo kulifuata. Alisubiri. Matairi yakasimama, gia ikalia, na ziwa likarudi.